Baba ana vifuko viwili kwenye figo: kwa nini wanataka picha nyingine?

"Assalamu alaikum daktari. Niko Lamu, nakuandikia kwa ajili ya babangu wa miaka 61, mimi ni bintiye. Mwezi uliopita alishikwa na maumivu makali ya tumbo upande wa kulia, chini ya mbavu, muda mfupi baada ya kula. Tulivuka hadi Mokowe, tukapanda basi mpaka Malindi, akapigwa picha ya CT kwa dawa ya kudungwa mshipani. Alipodungwa alisema mwili wote unawaka moto na akadhani amejikojolea. Tuliingiwa na hofu. Majibu yanasema ana vijiwe vidogo kwenye kibofu cha nyongo, na kwenye figo ana vifuko viwili. Cha kushoto ni sentimita 4.6, HU 8, Bosniak I. Cha kulia ni sentimita 2.3, HU 46, kimeandikwa kuwa ni sawasawa ndani lakini hakiwezi kuainishwa kwa picha hii, na kwamba afanyiwe ultrasaundi, CT maalumu ya figo au MRI. Ana kisukari, anameza metformini, kreatinini yake ni 98. Akila kamba huwashwa mwili. Je, hii ni saratani? Kwa nini hawakumaliza kazi mara ya kwanza, au wanatuzungusha tulipe mara mbili? Hicho kikubwa si afadhali kitobolewe maji yatoke? Jirani anasema sababu ni maji ya chumvi ya visima, na kwamba ile dawa ya picha ikirudiwa itamaliza figo, aishie kwenye mashine ya kusafisha damu. Tusaidie, nyumbani hatulali."

Waalaikumu salaam, dada yangu. Poleni kwa safari, na poleni zaidi kwa mikesha. Nimeyasoma majibu uliyonukuu, na nililoliona kwanza ni kwamba hofu yenu imekaa kwenye figo isiyohusika. Mnakiogopa kile kifuko kikubwa cha kushoto kwa sababu ya sentimita zake. Mimi ambaye kazi yangu ni kusoma picha hizi kila siku, kile kikubwa nakipita. Kinachonifanya nisogeze kiti karibu na skrini ni kile kidogo cha kulia. Hata hicho hakijanipa sababu ya kutetemeka. Kimezua swali ambalo picha ya mwezi uliopita haikupigwa kwa ajili ya kulijibu.

Tuanze na kikubwa ili tukimalize. Kila figo ina mirija midogo mno, karibu milioni moja, ambayo huchuja damu na kutengeneza mkojo. Umri unavyosogea, ukuta wa mrija mmoja hulegea, hutuna, mwishowe hujitenga na njia ya mkojo, na maji hubaki yamefungiwa ndani. Basi. Ukiwapiga picha watu waliovuka miaka 50, robo hadi theluthi yao hivi utawakuta na kifuko cha namna hii, kutegemea kipimo ulichotumia, na wengi wao wamekaa nacho miaka bila habari. Kinaweza kuongezeka milimita chache kwa mwaka, kikafika sentimita sita, hata kumi, na bado kikawa maji matupu. Hakizibi kazi ya figo, hakipandishi kreatinini, ile namba ya damu inayoonyesha figo zinavyochuja, na hakigeuki saratani kwa sababu tu kimekua.

Hiyo namba ya Kirumi iliyo kando yake ni daraja lililowekwa mwaka 1986 na Morton Bosniak, daktari wa picha wa New York, na likafanyiwa marekebisho mwaka 2019. Ukubwa wa kifuko haumo katika vigezo vya sasa. Kinachotazamwa ni ukuta wake, viambaza (kuta nyembamba) vinavyokigawa ndani kama vipo, na iwapo kuna nyama inayoingiwa na dawa. Daraja la I ni kifuko chenye ukuta mwembamba usiozidi milimita 2, maji safi, hakuna kiambaza. La II lina viambaza vichache vyembamba, au limejaa majimaji mazito yasiyong'aa. Haya mawili hayahitaji kufuatiliwa. IIF ni la kuangaliwa kwa muda: picha baada ya miezi 6, baada ya miezi 12, kisha kila mwaka hadi mitano itimie. La III lina ukuta au viambaza vinene vinavyong'aa, na vikitolewa, takriban nusu hukutwa ni saratani. La IV lina kinundu cha nyama ndani, na hapo ni karibu tisa kwa kila kumi.

Cha kushoto cha mzee kimepewa I. Mtu akikwambia mrudi kila baada ya miezi sita kukipima, muulize kwa upole ni kwa sababu gani, maana mimi siijui.

Na kukitoboa? Sindano inaingia, maji yanatoka, picha inapendeza, na baada ya miezi kadhaa maji yamerudi, kwa kuwa ule ukuta unaoyatengeneza ungali pale. Ndiyo maana wanaotoboa kwa sababu ya kweli huweka pia dawa ya kuuchoma ukuta, mara nyingi alkoholi. Sababu za kweli ni chache: kifuko kinachouma chenyewe, kinachobana njia ya mkojo, au kilichoingiwa na usaha. Cha mzee hakina hata moja. Maumivu yake yalikuwa kulia na kifuko kiko kushoto. Hicho cha kulia nacho kisiguswe kwa sindano ya kukamua maji kabla hakijajulikana ni kitu gani.

Sasa tuje kwenye zile namba za HU, kwani humo ndimo jibu lako lilimofichwa. Mashine ya CT huzungusha miale ya eksirei kuzunguka mwili na kuhesabu kila sehemu imeizuia kwa kiasi gani. Hesabu hiyo hupimwa kwa kipimo cha HU, kilichopewa jina la Godfrey Hounsfield, mhandisi wa Uingereza aliyepata Tuzo ya Nobel mwaka 1979 pamoja na Allan Cormack, mzaliwa wa Afrika Kusini. Maji yamewekwa kuwa 0. Hewa ni -1000. Mafuta ya mwilini huangukia karibu na -100, na mfupa hupanda mamia kadhaa. Nyama ya figo kabla ya dawa husoma kama 30 hadi 40. Majimaji safi ya kifuko hayavuki 20. Kwa hiyo 8 ya kushoto ni maji, hakuna ubishi.

Lakini 46 ya kulia ni nzito kupita maji. Vitu viwili tofauti kabisa vinaweza kusoma 46. Cha kwanza ni kifuko kilichovujiwa na damu kidogo zamani, au ambacho majimaji yake yamekuwa mazito kwa protini. Hiki hakina ubaya wowote. Cha pili ni nyama iliyokuwa na 20 au 30 kabla ya sindano, ikaingiwa na dawa kidogo, ikapanda hadi 46. Namba ni ile ile, vitu viwili. Mkitazamana na daktari mkabishana juu ya 46 peke yake hamtafika popote.

Hapa ndipo ile dawa inapohitajika. Ni maji yenye iodini, na iodini huzuia eksirei kwa nguvu, kwa hiyo popote damu inapoipeleka panang'aa. Ikidungwa mkononi, baada ya nusu dakika hivi ganda la nje la figo linawaka. Ikikaribia sekunde 70 ini liko katika hali yake bora ya kuonekana. Kati ya sekunde 80 na 120 figo nzima inakuwa nyeupe sawasawa, ikipita 150 kwenye kile kipimo, na huo ndio wakati ambao uvimbe ndani ya figo hauna pa kujificha. Dakika chache baadaye dawa iko kwenye njia ya mkojo inatoka. Kifuko cha maji hakina mishipa ya damu ndani, hivyo dawa inakizunguka na kukiacha kama kilivyokuwa. Nyama yenye mishipa inapanda.

Basi tunachotafuta ni badiliko. Picha moja ya bahari uliyoipiga pale gatini haikwambii kama maji yanajaa au yanakupwa. Unahitaji nyingine ya saa tofauti ndipo ujue. Mzee alipigwa baada ya dawa tu. Kabla ya dawa hakuna picha, kwa hiyo hatujui ile 46 imetoka wapi.

Na sasa kuhusu kuzungushwa mtoe pesa. Naielewa hasira, hasa kwa mtu aliyevuka maji na kukaa kwenye basi kupitia Witu na Garsen mpaka Malindi na mgonjwa anayeugulia. Ila waliompiga mzee walikuwa wanatafuta kilichomletea maumivu makali ya tumbo. Kwa kazi hiyo awamu moja, ile ya sekunde 70 hivi, ndiyo sahihi, na ndiyo inayopigwa ulimwenguni kote. Kuongeza awamu bila sababu ni kumwongezea mgonjwa miale: picha moja ya tumbo na nyonga ni kama milisivati 8, na ukipiga kabla na baada inakaribia 15, wakati mtu kwa kawaida hupokea 2 hadi 3 kwa mwaka kutoka ardhini, angani na kwenye chakula. Kwa mtu wa miaka 61 kiasi hicho si cha kuogofya, lakini si cha kumwaga ovyo pia. Kifuko cha kulia kiligunduliwa kwa bahati tu, na aliyesoma picha akawa mkweli, akaandika kwamba hawezi kukiainisha. Mimi ningemwamini zaidi huyo kuliko ambaye angeandika "kifuko cha kawaida" ili mfurahi.

Kuna nafuu moja ambayo angeweza kuitumia kama mzee angekuwa bado kitandani pale: kupiga awamu nyingine baada ya kama dakika 15. Kilichoingiwa na dawa huanza kushuka, na kifuko kinabaki pale pale. Lakini hilo hufanyika tu kama kuna mtu anayetazama picha papo hapo, na hospitali nyingi picha husomwa saa kadhaa baadaye, pengine na daktari aliye mji mwingine kabisa.

Je, ni saratani? Sijui, na hakuna anayejua kwa picha hiyo. Nitakwambia ninavyoipima. Maneno "sawasawa ndani" yananipa moyo. Hakikutajwa kinundu, hakikutajwa kiambaza kinene, hakikutajwa ukingo uliochakaa. Vingi vya namna hii huishia kuwa vifuko vyenye majimaji mazito. Kama kingesoma kati ya 21 na 30 kwenye awamu ile, miongozo ya 2019 ingeniruhusu nikiite daraja la II na kukiacha. Kwa 46 siruhusiwi, na sababu ni nzuri: kuna aina ya saratani ya figo iitwayo papilari ambayo huingiwa na dawa kidogo mno, na inaweza kukaa kwenye namba hizo hizo kimya kimya, ikiwa sawasawa ndani vilevile.

Hebu tuseme jambo lile baya ndilo lililopo. Bado ni uvimbe wa sentimita 2.3. Uvimbe wa figo usiozidi sentimita 4 kwa kawaida hukua milimita chache tu kwa mwaka, na takriban mmoja katika kila mitano iliyo nyama tupu hukutwa si saratani baada ya kutolewa. Ulio saratani, ukiwa mdogo hivyo na haujatoka nje ya figo, hutibika vizuri sana: hukatwa kipande chake tu na figo ikabaki, au huchomwa kwa sindano maalumu, na kwa baadhi ya wazee hufuatiliwa tu kwa picha. Zaidi ya tisa katika kila kumi huwa hai miaka mitano baadaye. Kwa hiyo muda mlio nao ni wa wiki kadhaa. Hamna haja ya kuuza kitu usiku huu mkimbie alfajiri. Msikiweke kabatini mpaka mwakani pia.

Kuhusu njia ya kufuata, ningeanza na ultrasaundi, na ningeifanya hapo hapo Lamu. Haina miale wala sindano, bei yake ni ndogo ukilinganisha na CT, na sentimita 2.3 ni ukubwa unaoonekana vizuri, zaidi kama mzee si mnene. Ikionyesha kitu cheusi kabisa ndani, chenye ukuta mwembamba, na mwangwi mkali nyuma yake, hicho ni kifuko cha maji na mjadala umefungwa, hata kama CT ilisoma 46. Lakini ultrasaundi inategemea mkono na jicho la anayeipiga, na gesi ya utumbo inaweza kuficha ncha ya chini ya figo. Ikiwa ripoti itasema kuna chembechembe ndani, au haikuonekana vizuri, hapo hatujapata jibu na tunasonga mbele. Mwombe anayepima aandike waziwazi kuhusu kile cha kulia. Nimeona ripoti nyingi zilizoeleza kifuko kikubwa kwa maneno matamu na kukisahau kidogo ambacho ndicho kilichompeleka mgonjwa.

Ikibidi CT, iombwe kwa jina la CT ya figo: kwanza bila dawa, kisha na dawa kwenye zile sekunde 80 hadi 120. Kipimo kinafanywa mahali pale pale kwenye picha zote mbili. Kikisoma 45 kabla na 47 baada, hakijaingiwa na kitu, ni majimaji mazito. Kikisoma 25 kabla na 50 baada, kimepanda 25, na chochote kinachopanda 20 au zaidi tunakihesabu kuwa kina mishipa ya damu. Kati ya 10 na 20 ni eneo la shaka. Unaweza kuuliza kwa nini tusikubali hata ongezeko la 5 kuwa ushahidi. Ni kwa sababu mashine yenyewe hudanganyika: figo iking'aa pande zote, mwanga wake humwagikia kifuko kilicho katikati na kukipandisha kwa uongo, hasa kikiwa chini ya sentimita moja na nusu. Cha mzee kimepita ukubwa huo, ila si kwa mbali sana.

Kuna njia ya mkato ambayo unaweza kumuuliza daktari wa picha kabla ya kulipa. Kwa kuwa picha ya baada ya dawa tayari mnayo, pengine inatosha kupiga ile ya bila dawa peke yake na kulinganisha na ya zamani. Kikisoma zaidi ya 70 bila dawa huku kikiwa sawasawa, hicho ni kifuko chenye damu ya zamani na kazi imekwisha. Kikisoma 45 au zaidi kidogo, vilevile hakijabadilika. Kikisoma 10, basi kimepanda sana na lazima kifuatwe. Udhaifu wake ni kwamba mashine mbili tofauti, au mashine moja yenye mipangilio tofauti, zinaweza kupishana namba chache, kwa hiyo majibu yakiangukia eneo la shaka mtalazimika kukamilisha. Mimi ningekubali kujaribu, mradi picha za kwanza ziwepo mkononi. Wapo wenzangu ambao wangependa kupiga zote siku moja, na hawakosei.

MRI, picha inayopigwa kwa sumaku, huonyesha hata dawa kidogo iliyoingia kuliko CT, na haina miale. Hutumia dawa nyingine, gadolini. Kwa kile kinachoangukia katikati, ndiyo hakimu ninayempenda. Shida ni bei, foleni, na kulala ndani ya mashine muda mrefu ukizuia pumzi kila unapoambiwa, kitu ambacho wazee wengine hawakiwezi. Kwa mzee wako sianzi na hiyo.

Kuhusu dawa ya kung'arisha. Joto lile la mwili mzima, ladha ya chuma mdomoni, na kuhisi kana kwamba umejikojolea ni hisia za kawaida kabisa za dawa hiyo inapopita kwenye mishipa. Huisha dakika moja au mbili baadaye. Aliyempa dawa alipaswa kumwambia mapema, na angekuwa amewaepushia hofu yote ile. Athari ya kweli ya mzio ni vipele, kuvimba midomo au koo, kupumua kwa shida, shinikizo kushuka. Kama mzee hakupata hata kimoja, hilo ni jambo la kutia moyo kwa mara ya pili.

Kamba wala kaa hawahusiki. Watu wa pwani wengi hukatazwa picha kwa sababu ya kuwashwa na vyakula vya baharini, kwa imani kwamba iodini ndiyo inayowawasha. Kinachomwasha mla kamba ni protini iliyo kwenye nyama ya kamba mwenyewe. Mtu mwenye mzio wa aina yoyote ana uwezekano mkubwa kidogo wa kupata shida kuliko asiye nao, kwa hiyo taja, waandike, lakini hakuna sababu ya kumnyima kipimo. Kilicho hatari ni kuwahi kupata mzio wa dawa hiyo hiyo ya picha.

Na figo? Kreatinini 98 kwa mwanamume wa miaka 61 ni sawa na uchujaji wa kama 75. Tunaanza kuwa waangalifu sana ukishuka chini ya 30, au figo zikiwa zimepata jeraha la ghafla. Mzee yuko mbali na hapo. Kwa kuwa ana kisukari, apimwe kreatinini upya karibu na siku ya picha, anywe maji kama kawaida, na asimeze dawa za maumivu za jamii ya diklofenaki na ibuprofeni siku hizo. Hizo dawa, ambazo watu hununua dukani na kumeza kwa mgongo na magoti miaka nenda miaka rudi, zimeharibu figo nyingi kuliko dawa ya picha. Metformini kwa kiwango chake cha uchujaji haina haja ya kusimamishwa. Zipo hospitali ambazo bado huisimamisha kwa saa 48, na wakimwambia hivyo afuate, haitamdhuru.

Maji ya chumvi ya visima hayatengenezi vifuko. Kukosa maji ya kutosha katika joto letu huchangia vijiwe vya figo, na hilo ni jambo jingine. Jirani huyo akileta na mizizi ya kuchemsha, mshukuruni na muiweke kando. Hakuna mzizi utakaoyatoa maji kwenye kifuko, na ipo inayoumiza figo kweli.

Hofu ya mashine ya kusafisha damu naidhani inatoka kwenye ugonjwa mwingine, ule wa kurithi ambao figo zote mbili hujaa vifuko vingi mno, zikavimba na kushindwa taratibu. Mzazi mwenye ugonjwa huo ana nafasi ya nusu kwa nusu ya kumrithisha kila mtoto. Vifuko viwili katika umri wa miaka 61, kreatinini nzuri, si huo. Ila kama kuna baba mdogo au shangazi aliyeishia kwenye mashine kwa sababu ya "figo zilizojaa maji", mwambieni daktari.

Kuna jambo ambalo wewe hukuliuliza. Maumivu yaliyowatoa Lamu yalikuwa kulia chini ya mbavu, baada ya kula, na majibu yanasema kuna vijiwe kwenye kibofu cha nyongo. Hayo ndiyo maelezo ya karibu zaidi ya maumivu yake, na katika barua yako yote yamepata nusu sentensi. Figo zimeiba kikao chote. Vijiwe hivyo vinahitaji daktari wa upasuaji avitazame, kwa kuwa vinaweza kuziba njia na kuleta homa na manjano. Ile ultrasaundi niliyoisema itaviona vizuri kuliko CT, kwa hiyo ombeni nyongo na figo zipimwe pamoja, mzee akiwa hajala tangu usiku.

Yapo ya kutosubiri wala kuandikiana. Homa pamoja na maumivu ya ubavuni au chini ya mbavu, macho kuwa manjano, kutapika bila kukoma, mkojo kukataa kutoka, maumivu ya ghafla yasiyovumilika: hayo ni ya kwenda hospitali siku hiyo hiyo, King Fahd iko karibu nanyi, na hata usiku. Damu kwenye mkojo nayo, hata mara moja tu na bila maumivu, ipelekwe ndani ya siku chache. Naisisitiza kwa sababu huku kwetu, kuanzia Mto Tana hadi Kwale, mtu akiona damu husema ni kichocho, akameza dawa na kuendelea na safari. Kichocho kipo kweli na kinapimika kwa mkojo. Kwa mzee wa miaka 61 ambaye ana kitu kisichojulikana kwenye figo, kipimo hicho kifanywe, na hata kikikutwa kichocho, figo na kibofu cha mkojo vitazamwe vilevile.

Mkienda, bebeni diski ya picha za kwanza, siyo karatasi ya majibu peke yake. Karatasi inasema 46. Diski inamwezesha daktari wa pili kupima mwenyewe, mahali pale pale, na pengine kugundua kwamba ilipimwa pembeni mno na figo yenyewe ikaingia kwenye hesabu, jambo linalotokea. Kama hamkupewa, ombeni hospitali iliyompiga iwanakilie. Muulizeni mzee pia kama amewahi kupigwa picha yoyote ya tumbo miaka ya nyuma, hata ultrasaundi ya kawaida, kwa kuwa kitu kilichokuwepo miaka mingi iliyopita kikiwa na ukubwa ule ule kina habari njema ya kutupa. Masuala ya SHA, bima ya afya ya serikali, yaulizeni dirishani siku kadhaa kabla, pamoja na bei ya CT bila dawa na CT ya figo kamili kila moja peke yake, maana tofauti yake ni kubwa. Na kwenye fomu ya maombi, mwombe daktari aandike sentensi moja: "kifuko cha figo ya kulia, sentimita 2.3, HU 46 awamu moja, je kinaingiwa na dawa?" Mwenye kusoma picha akiliona swali hilo, atajua ni wapi pa kuanzia.